Cashback: Mbeba boksi aliyesimamisha saa

Suzy anafoka. Mishipa ya shingo imemsimama, macho yamejaa machozi, mdomo unafunguka na kufumbwa polepole mno, na hatusikii hata neno lake moja. Tunachosikia ni opera: sauti ya mwanamke ikiimba Casta Diva ya Bellini, tulivu, kana kwamba chumbani humo hakuna ugomvi wowote. Mbele yake kasimama Ben, mpenzi wake, anamtazama tu. Hajitetei wala hajibu.

Ndivyo inavyoanza Cashback, filamu ya mapenzi na vichekesho ya mwaka 2006, iliyoandikwa na kuongozwa na Mwingereza Sean Ellis. Kwangu mimi dakika hizo za mwanzo peke yake zinatosha kulipia filamu nzima. Aliyewahi kuachana na mtu anajua kuwa maneno ya siku ile hayakai kichwani. Unakumbuka uso, mkono ulikuwa wapi, mwanga ulitokea upande gani. Ellis kayaondoa maneno akatuachia uso, na taarab ninayoipenda haijapata kunifikisha hapo, maana taarab ni maneno mwanzo mwisho, kijembe juu ya kijembe, na aliyeachwa hutoka ukumbini ameshalipiza. Ben hana wa kumlipiza. Anarudi kitandani, anakodoa macho darini.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Ben Willis ni mwanafunzi wa chuo cha sanaa London. Ameachana na Suzy, na Suzy hakukawia kupata mwingine. Usingizi ukamruka Ben, wiki zikapita hajafumba jicho. Vitabu alivyokuwa akiviahirisha amevisoma, vimekwisha, usiku bado upo. Ndipo anapopiga hesabu: mtu asiyelala kaongezewa saa nane kila siku, theluthi ya maisha ambayo wenzake wanaipitisha wakikoroma. Saa zenyewe hazitaki, kwa sababu kila moja ina Suzy ndani. Basi anaamua kuziuza. Anaomba kazi ya usiku kwenye supamaketi ya Sainsbury's.

Hapo nikakaa sawasawa kwenye kochi. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi London mashariki, na kama wengi tuliokuja na begi moja na namba ya simu ya binamu, nilianza kwa kubeba boksi, kama tunavyoziita kazi za jasho za ughaibuni. Yangu yalikuwa maboksi kweli: nyanya za kopo, chakula cha paka, karatasi za chooni, katika supamaketi nisiyoitaja. Naingia saa nne usiku, natoka saa kumi na mbili alfajiri, na kama ni Desemba unatoka gizani unaingia gizani. Kwa hiyo filamu ikidai kwamba inahusu zamu ya usiku, mimi siitazami kwa ajili ya mapenzi tu. Naikagua.

Na ukaguzi imeupita, sehemu kubwa. Kazi yenyewe haionekani sana, hilo niliseme mapema. Hutaona mtu anasukuma mzigo mpaka kiuno kinamkatika, wala vidole vilivyokufa ganzi kwa friza. Lakini muda wa usiku Ellis ameushika. Kuanzia saa nne mpaka saa saba usiku unakwenda: mzigo umeshushwa, watu wanataniana, mgongo bado haujaanza kulalamika. Ikifika saa nane, muda unalala katikati ya njia kama ng'ombe, na wewe huna fimbo. Kila mtu hutafuta dawa yake. Kaka mmoja wa Kigoma tuliyekuwa naye aliupima usiku kwa magari: la mkate likija, kazi kubwa imekwisha, magazeti yakishushwa mlangoni, kunakucha. Mimi sikio moja nilijiwekea taarab, la pili nikamwachia msimamizi.

Kwenye filamu, Barry na Matt, wenzake Ben wa zamu, wanashindana kwa skuta kati ya rafu na kuwachezea watu mizaha ya kipuuzi. Brian, kijana wa kung-fu, anaishi dunia yake. Aliyeniteka ni Sharon, keshia, anayeigizwa na Emilia Fox. Sharon ameifunika saa yake ya mkononi ili asiione. Kanuni yake ni kwamba saa ni adui, ukiitazama inakukomoa. Nilicheka peke yangu, maana tulikuwa na dada wa Mombasa pale kaunta aliyekuwa akiigeuza saa yake ndani ya kiganja na kuapa kwamba hataitazama mpaka aone basi la kwanza linapita nje. Mwandishi hawezi kuibuni ile saa iliyofunikwa akiwa amekaa mezani kwake. Ama alifanya kazi hiyo, ama alimsikiliza vizuri mtu aliyeifanya.

Kwa hiyo Sharon anaukimbia muda kwa kutoutazama, na Ben anausimamisha kabisa. Wanaumwa ugonjwa mmoja. Tofauti ni kwamba dawa ya Sharon haimgusi mtu mwingine.

Ya Ben ni hii. Anawaza kwamba muda umeganda. Wateja wanasimama walivyo, na troli zao, mkono umenyooshwa rafuni, mguu mmoja hewani, na yeye peke yake anatembea kati yao. Anawavua wanawake nguo, anatoa daftari na penseli, anawachora. Akimaliza anawavalisha, na dunia inaendelea kama kawaida. Filamu inatuhakikishia kwamba hana nia mbaya: ni msanii, anatafuta uzuri uliojificha ndani ya siku za kawaida. Inatupeleka hata utotoni mwake, kwa mpangaji wao wa Kiswidi aliyepita nyumbani bila nguo mbele ya macho ya mtoto, ili tujue mapenzi yake kwa mwili wa mwanamke yalianzia wapi. Sawa, tumejua.

Picha zenyewe ni nzuri, sitasema uongo. Ellis alitokea kwenye upigaji picha za mitindo, na Angus Hudson, aliyeshika kamera, kaichukua ile taa nyeupe ya supamaketi ninayoichukia mpaka leo akaifanya itue juu ya ngozi kwa upole. Muziki wa Guy Farley nao unatembea taratibu kwa chini, haukuvuti shati. Ukitazama bila kufikiri, utasema umeona mchoro.

Lakini nilimwonyesha shoga yangu sehemu ile, naye hakuzunguka.

"Shoga, huyu kaomba ruhusa kwa nani?"

Nikamwambia ni mawazo ya kijana tu, hakuna aliyevuliwa kweli.

"Mawazo yake, sawa. Mbona hao wa kwenye mawazo yake hawana la kusema?"

Nilijaribu kuitetea, nikashindwa. Suzy anafoka hata kama hatumsikii. Sharon anaongea, anacheka, ana mipango yake. Wanawake wa kwenye njia za supamaketi kazi yao ni moja, kusimama. Nami hapo ndipo ninapogombana na filamu kuhusu uzuri. Uzuri wa mtu ninaoujua mimi uko kwenye mwendo: mama anavyojirekebisha mtandio bila kujua anatazamwa, msichana anavyong'ata mdomo akihesabu chenji, mtu anavyogeuka akisikia jina lake. Mgandishe, hayo yote yamekwenda. Kilichobaki ni ngozi na mwanga. Ajabu ni kwamba filamu yenyewe inanipa ushahidi, maana picha nzuri kuliko zote humo ndani ni za Sharon akiwa macho, anatembea, anaficha tabasamu, na hakuna kilichosimama.

Kuna na hili. Filamu ilipigwa ndani ya Sainsbury's ya Whitechapel, na Whitechapel, mtaa wa London mashariki, naijua. Mchana barabarani kuna soko, Wabangladeshi wanauza bamia, samaki wa barafu na mafungu ya giligilani. Hospitali ya Royal London iko pale pale, na msikiti wa East London uko barabara hiyo hiyo. Ukiingia dukani maeneo yale usiku wa manane utamkuta muuguzi katoka zamu na viatu vyake vya kazi, dereva wa teksi anatafuta kitu cha kutia mdomoni, mzee wa kofia na kanzu ananunua maziwa. Wanaoganda mbele ya penseli ya Ben ni wasichana wenye umbo la wanamitindo. Kama kweli unatafuta uzuri ambao wengine wanaupita bila kuuona, baba, yule muuguzi alikuwa kwenye foleni.

Nadhani kasoro hii inaeleweka ukijua filamu ilivyozaliwa. Mwaka 2004 Ellis alitengeneza filamu fupi ya dakika 18 yenye jina hilo hilo: supamaketi, wafanyakazi wa usiku, Ben na daftari lake, basi. Ikapendwa, ikafika mpaka kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu fupi katika tuzo za 2006, ikashindwa na Six Shooter ya Martin McDonagh. Ellis akaamua kuirefusha. Aliwarudisha waigizaji wale wale, akaiingiza ile fupi ndani ya hii ndefu, na kwa macho huoni ilipoungwa. Nywele ni zile zile, sare ni ile ile. Kwa akili unapaona. Sehemu ya supamaketi ina wazo lake kamili na inajitosheleza, halafu mbele na nyuma kumeshonewa mapenzi. Mawazo ya kijana mmoja kwa dakika 18 nayavumilia, hata nayafurahia. Yakizidi saa nzima na nusu, naanza kuuliza maswali ya shoga yangu.

Vichekesho? Vipo, na vingine nilicheka kwa sauti, ila ujue ni vya vijana wa kiume wa Kiingereza: matusi, picha za utupu, mizaha ya kidato cha pili. Sean, rafiki yake Ben tangu utoto, ni wa kundi hilo, na ushauri wake kuhusu wanawake hauna faida kwa yeyote. Anayeokoa upande huu ni Jenkins, meneja, mtu anayejiona jenerali wa jeshi ilhali jeshi lake ni watu watano na mashine ya kupigia deki. Stuart Goodwin anamwigiza bila haya hata kidogo. Jenkins anapanga mechi ya mpira dhidi ya wafanyakazi wa tawi jingine, anaizungumzia kama fainali ya Kombe la Dunia, anawapasha misuli vijana wake, na wanafungwa 26 kwa bila. Ishirini na sita! Kila aliyewahi kufanya kazi chini ya msimamizi mwenye filimbi shingoni atacheka kwa kisasi.

Kuna kitu kimoja kiliniudhi kama mtazamaji. Katikati ya filamu, ndani ya muda ulioganda, Ben anagundua kuna mtu mwingine anayetembea. Nywele zilinisimama. Nikasema sasa tumefika, hadithi imepata mlango wa pili. Wapi! Mtu yule anapotea na filamu haimtaji tena. Ningekuwa mhariri, ningemwambia Ellis achague: ama atufungulie mlango huo ama asitubishie hodi.

Sehemu iliyofuata ilinirudisha. (Ambaye hajaiona na hapendi kuharibiwa, aruke aya hii na ijayo.) Ben na Sharon wameanza kupendana, taratibu, kwa aibu, na usingizi wa Ben unaanza kurudi. Wanakwenda pamoja kwenye sherehe ya Jenkins. Suzy naye yupo. Anamfuata Ben, anataka warudiane, anambusu, na Sharon anaona. Ben anainua macho, anauona uso wa Sharon, anasimamisha muda. Safari hii hachori mtu. Anabaki humo ndani, anamzunguka Sharon aliyeganda na maumivu usoni, anatafuta pa kuanzia, na hapo ndipo anapoelewa kwamba uwezo wake wote una mpaka: anaweza kuusimamisha muda lakini hawezi kuurudisha nyuma hata kwa sekunde moja. Akiuachia tu, Sharon ataondoka. Na anaondoka. Hapa lile wazo la kugandisha watu limepata kazi yake halali. Kila mmoja wetu ana ile sekunde ambayo angeishi ndani yake siku nzima akitafuta neno la kusema, na Sean Biggerstaff, anayemwigiza Ben, ambaye kwa filamu nyingi za mapenzi angehesabiwa mpole kupita kiasi, anaibeba kwa uso tu.

Mwisho unakuja kwa maonyesho ya michoro. Mwenye ukumbi wa sanaa kampenda Ben, kuta zimejaa, na aliyejaa kwenye kuta hizo ni Sharon. Sharon anaingia, anajiona, anamsamehe, wanatoka nje kwenye theluji, na safari hii muda ukiganda wanatembea humo wawili. Wengi wanalia hapo. Mimi nililia nusu. Nusu nyingine nilikuwa nafikiria mwanamke anayeingia ukumbini akakuta sura yake ukutani mara kwa mara, mbele ya watu na glasi za mvinyo, hakuna aliyemwuliza. Ningemsamehe lile busu la Suzy. Hili la michoro tungelizungumza nyumbani kwanza. Lakini angalau safari hii kamfungulia mwenziwe mlango wa mule ndani, akaingia kwa miguu yake, na ndicho kitu nilichokuwa nakidai tangu njia ya maziwa na mtindi.

Kuhusu waigizaji, mtazamaji wa leo atapata raha ya kutambua nyuso. Biggerstaff ni Oliver Wood wa Harry Potter, nahodha wa Quidditch, ule mchezo wa kuruka na fagio, hapa amekua na amepauka. Shaun Evans, anayeigiza yule rafiki msumbufu, baadaye alikuja kuwa mpelelezi Morse kijana kwenye tamthilia ya Endeavour, na huwezi kuamini ni mtu yule yule. Michelle Ryan, Suzy wetu, alikwishajulikana kwa tamthilia ya EastEnders. Lakini filamu ni ya Emilia Fox. Kwenye tamthilia ya Silent Witness kila siku yuko na maiti, ana akili na ubaridi. Hapa amekaa kwenye kaunta na nywele zisizo na mpango, na anakufanya uamini kwamba mtu anaweza kumpenda keshia saa kumi alfajiri. Mimi nilikuwa pale saa kumi alfajiri. Si jambo dogo.

Sasa, uitazame au usiitazame? Kama umeachwa karibuni, itazame, hasa kama tatizo lako ni usiku. Kama umewahi kufanya zamu ya usiku popote, iwe hospitali, ulinzi, kiwandani au dukani, itazame pia, utawatambua wenzako mmoja mmoja. Usiitazame na wazazi, usiitazame na wakwe, na watoto walale kwanza. Miili mitupu ni mingi na haikimbilii pembeni ya picha, inakaa katikati, kwenye mwanga, kwa muda mrefu. Shemeji yangu aliingia sebuleni kuchukua chaja katika sehemu mbaya kuliko zote, na nilitamani ule uwezo wa Ben.

Ukiwa na muda mchache, ile fupi ya 2004 inakupa wazo lote bila mapenzi na bila mpira. Mimi naichagua ndefu, kwa ajili ya Suzy wa mwanzo na Sharon wa sherehe. Na ukitaka kuona Ellis anaweza nini akiacha kutazama miili akaanza kuwatazama wafanyakazi, tafuta Metro Manila ya 2013, aliyoipiga Ufilipino kwa Kitagalogi: mkulima wa mpunga anayehamia mjini na mke na watoto, akapata kazi ya gari la kubebea fedha. Mle ndani mtu anabeba mzigo na unauona uzito wake.

Cashback naipa sita na nusu juu ya kumi. Mbili za Sharon, mbili za dakika za mwanzo, moja ya muda wa saa nane usiku, moja ya Jenkins. Nusu nimempa Ben, kwa kuwa kila mara aliwavalisha vizuri.